Fundi Aliyenisamehe Kosa Lake

Siku ya kumzika, mchungaji alisimama mbele ya jeneza kule Hasamba akasema marehemu alikuwa mtu wa kusamehe. Akatoa mfano. Akasema palikuwa na binti aliyefundishwa naye kazi dukani kwake huko Mpemba, karibu na Tunduma, na binti huyo kwa uzembe akaunguza kadi ya kompyuta ya mteja. Marehemu hakumshitaki wala hakumtukana. Alimsamehe tu, akamwombea. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye majani, nyuma ya akina mama wa kwaya, mwanangu mgongoni. Binti huyo ni mimi.

Sikuunguza kadi. Aliyeiunguza alikuwa ndani ya lile sanduku.

Msibani mtu hasimami akabisha. Ndiyo maana naandika. Alizaliwa wapi, baba yake nani, aliacha watoto na wajukuu wangapi, yote yalisomwa kwenye karatasi siku ile, anayeyataka akaulize familia. Mimi nilikaa naye dukani miaka minne na nitasema ninayoyajua. Na nitasema mazuri yake pia, maana yalikuwepo, na hayo ndiyo yanayoniuma zaidi. Angekuwa mtu mbaya ningekuwa nimeshamsahau.

Tulimwita Fundi, hata mkewe alimwita hivyo. Tunduma ina mafundi kila hatua kumi, wa pikipiki, wa simu, wa kuchomelea mageti, lakini Mpemba ukisema Fundi ukanyamaza, mtu alikunyooshea kidole kwenye duka la mlango wa bluu kando ya lami, mkabala na malori yanayosubiri kuvuka. Alitengeneza kompyuta. Hiyo ndiyo iliyomlisha. Lakini roho yake ilikuwa kwenye kitu kingine, na inabidi nikieleze, kwa sababu watu wengi waliomlia Hasamba hawakukijua.

Ndani ya kompyuta kuna kadi inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Kwa barua na mahesabu haihitaji nguvu. Kwa video na magemu inahitaji nguvu nyingi, ndiyo maana kadi hizo zina feni zake na mapezi yake ya alumini ya kutoa joto. Kila kadi inatoka kiwandani imewekewa mwendo wake. Sasa wapo watu ambao hawakubali. Wanaongeza mwendo kidogo, wanaongeza umeme kidogo, wanaangalia joto, wanaongeza tena, mpaka kadi yenyewe iseme basi. Fundi aliita kuisukuma. Hakuwahi kucheza gemu hata moja maishani mwake. Alikuwa anasukuma kadi, anaendesha jaribio, jaribio linampa alama, anaiandika alama kwa chaki nyuma ya mlango, anazima. Basi.

Mama muuza chipsi wa jirani hakuchoka kumchokoza.

"Fundi, leo naona meno. Umeshinda?"

"Nimeshinda, mama."

"Umeshinda nini?"

"Alama nane juu ya jana."

"Zinaliwa?"

"Haziliwi."

"Zinavaliwa?"

"Mama, nipe chipsi."

"Sasa si ulipe kwa alama, baba!"

Alikuwa anacheka mpaka anashika meza. Alikuwa na kicheko kidogo cha puani, kama mtu anayepuliza vumbi.

Nilifika pale nimemaliza kidato cha nne, nina vyeti vya kudurufu na sina pa kuvipeleka. Mashine yake ya kudurufu ilikuwa imekwama karatasi. Nikamwambia, samahani mzee, hiyo karatasi imeingia upande wa kushoto, nimeisikia. Akaniangalia. Akafungua upande wa kushoto, karatasi ikatoka. Hakusema asante. Alisema, "Unasikia?" Kesho yake nilikuwa na brashi mkononi nasafisha vumbi la kadi za watu.

Somo la kwanza lilikuwa vumbi hilo hilo. Kwa Fundi, kuchagua kadi hakukuanza na jina lake wala bei yake, kulianza na kujua imeishi wapi. Alikuwa akifungua kadi iliyotumika anachukua vumbi la kwenye mapezi kwa ncha ya bisibisi, analipaka kwenye karatasi nyeupe, ananiuliza. Vumbi jekundu laini, hiyo imeishi Mbozi kwenye nyumba ya wakulima, haina shida. Jeusi lenye mafuta linashika kidole, hiyo ilikaa barabarani na moshi wa malori, feni zake zina miezi michache tu. Jeupe linalonata ni la mashine ya kusaga. La kahawia lenye harufu limetoka kwenye chumba cha watu wanaovuta sigara, na hilo haliondoki hata uoshe vipi. Siku moja nilikuta mabawa ya mende, nikasema gesti. Akasema, "Gesti gani?" Nikaanza kufikiri kweli, mpaka nikamsikia anacheka kile kicheko chake cha puani.

Alikuwa na misemo yake. Ule alioupenda kuliko yote ulikuwa, "Jina halibebi mzigo. Angalia miguu." Maana yake, watu wananunua kadi kwa jina lililoandikwa juu ya feni, na jina linauza tu. Kinachobeba ni vile vidude vidogo vya umeme vilivyopangwa pembeni ya chipu. Kadi mbili zina jina moja, chipu moja, na moja ina vidude vinne dhaifu, nyingine ina vinane. Ukiisukuma ya kwanza inakufa mikononi. Kwa hiyo alikuwa anageuza kadi, anahesabu miguu, anasukuma mdomo mbele, anahesabu tena.

Mwingine ulikuwa, "Mchanga una bahati yake." Alinieleza kwamba chipu hutengenezwa kwa kitu kinachotokana na mchanga, na hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja, hazilingani moyo. Moja ukiigusa tu inatapika vidoti vya rangi kwenye kioo. Nyingine unaisukuma, unaisukuma, inakuangalia tu. Na hakuna alama ya nje ya kuzitofautisha. "Kadi huijui mpaka uichokoze," alisema. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa niliona haya ni maneno ya kompyuta.

Na hewa. Mafundi wa Dar walikuwa wanaandika mtandaoni kwamba sisi wa nyanda za juu tuna bahati, baridi yetu inapoza kadi. Fundi alikuwa anakasirika. Baridi ni kweli, alisema, lakini huku juu hewa ni nyepesi, feni inazunguka vile vile na inabeba joto dogo. Ukimsikiliza mtu wa pwani utaunguza. Alikuwa na kipimo cha joto cha mkono, kile cha kulenga kama bastola, alikipenda kama mtoto. Alipima kadi, alipima chai, alipima ugali wa mama ntilie, na mimi nikichelewa alinipima paji la uso akasema, "Huna homa. Kwa nini umechelewa?" Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikikaza, alifunga mashine yake nzuri kwenye blanketi akaipeleka nyumbani Hasamba. Asubuhi ukungu ukiwa bado kwenye mikahawa ya shambani kwake aliiweka dirishani, dirisha wazi, yeye amevaa koti na kofia ya sufu, akaisukuma humo. Mkewe alilalamika kwamba kuna mwaka kahawa iliuzwa, mabati yakasubiriwa, na Fundi akarudi na kadi.

Kadi nyingi zilitoka upande wa pili wa mpaka, Nakonde. Tulikuwa tunavuka kwa miguu asubuhi kwenda kwa mfanyabiashara mmoja aliyefungua mizigo ya mitumba. Alimheshimu sana Fundi. "Mwaiseni mukwai, ba Fundi!" alikuwa anatukaribisha kwa Kibemba tukiwa bado mbali. Siku moja alitutolea kadi kubwa ya feni tatu, na boksi lake, na karatasi ya plastiki bado imo.

"Hii ni brand new, ba Fundi. Hata plastiki ipo."

Fundi akaizungusha feni kwa kidole, akasikiliza. Akaigeuza akaangalia mgongo wake. Halafu akanipa mimi. "Soma, binti."

Niliisoma. Feni zilikuwa zimelegea. Rangi ya ubao nyuma ilikuwa imefifia sawasawa kote. Lakini matundu ya kuchomeka waya wa kioo yalikuwa mapya kabisa, hayana mkwaruzo hata mmoja. Sikuelewa. Nikasema ni nzee na ni mpya.

"Ndiyo," akasema. "Hii imechimba sarafu za mtandaoni. Zinafungwa mia kwenye chumba kimoja, zinakokotoa usiku na mchana, miaka. Haikuwahi kufungwa kioo." Akamrudishia yule bwana taratibu, akakataa kwa Kibemba. "Awe, mukwai." Tukiwa njiani kurudi, tulipofika geti la mpaka, akasema, "Maskini. Imefanya kazi maisha yake yote na hakuna mtu aliyeona picha yake."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Anahurumia kadi.

Mara nyingine alipanda gari asubuhi mpaka Itumba, kona juu ya kona, kwa sababu ofisa mmoja aliyehamishwa alikuwa anauza kompyuta yake. Nilikwenda naye. Tulifika, tukaamkia, tukapewa viti na chai. Fundi akafungua mashine, akainusa kadi. Akafunga. "Mkuu, usiiuze hii. Itamfia mtu na atakuja kukulaumu." Yule ofisa akafadhaika, akauliza, sasa niifanyie nini? "Itumie wewe, polepole. Usiifanyize kazi ngumu. Ina mwaka mmoja." Tukarudi mikono mitupu, siku nzima imeisha. Nilinung'unika njia nzima. Akaniambia fundi anayenunua asichokiamini kwa sababu amelipa nauli, huyo anafanya kazi ya kondakta.

Huyo ndiye mtu niliyemjua. Sasa niseme upande wa pili, maana nao ulikuwepo tangu mwanzo, mimi ndiye sikuusoma.

Tukiwa wawili tu, Fundi alisema "sijui" mara kumi kwa siku. Hii imekufaje? Sijui. Tufanyeje? Sijui, tuangalie. Nililipenda hilo neno kinywani mwake, kwa sababu walimu wangu wa sekondari hawakuwa nalo. Lakini mteja akikanyaga kizingiti, lile neno lilikufa. Alikunja uso, akaweka kiganja juu ya mashine kama mganga, akasema, "Acha, nitaisikiliza." Mpemba nzima walikuwa wanasema Fundi hakosei. Na yeye alikuwa anawasikia wakisema. Mara mbili tatu kazi iliharibika kidogo, skrubu imepotea, waya umekatika, na nilimsikia akimwambia mteja umeme wa jana ulikuwa mbaya. Nilicheka. Nilidhani ni ujanja wa biashara tu.

Nilipopata mimba, baba yake mtoto alikuwa dereva wa lori na alivuka mpaka, na hapo ndipo habari yake inapoishia. Nyumbani kwetu nilitukanwa kwa lugha mbili. Dukani, kesho yake, nilikuta Fundi ameondoa kigoda changu, kuna kiti chenye mgongo. Kazi ya kuyeyusha risasi ya kuunganishia nyaya akaichukua yeye. "Ule moshi si wa mtoto," alisema, akafungua dirisha la nyuma ambalo halijafunguliwa tangu duka lijengwe. Mama muuza chipsi alipoanza maneno yake, Fundi alimwambia, "Mama, huyu ni fundi. Mafundi nao wanazaa." Nililia siku ile nikijifanya ni vumbi.

Mwezi wa nane wa mimba yangu, akaja Mwenye Studio. Ni kijana wa Tunduma mjini anayepiga video za harusi na kitchen party, anazikata na kuzipamba mwenyewe kwenye kompyuta yake. Kadi yake ilikuwa kali. Alileta mashine ipulizwe vumbi tu, basi, na msimu wa harusi ulikuwa umeshaanza.

Nilipuliza mimi. Fundi akaiwasha kujaribu, na nikaona bega lake linasimama. Akaongeza mwendo kidogo, kadi haikutikisika. Akaongeza tena. Nikamwambia, Fundi, hii si yetu. Akasema, "Naiangalia tu." Kadi ile ilikuwa na ule mchanga wenye bahati, na katika miaka yote alikuwa hajawahi kuishika ya namna hiyo. Kadi zina kufuli ndani, programu inayozuia umeme usipite kiasi. Akafungua kufuli, akarusha mwendo juu kwa mara moja. Ilikuwa mchana kweupe, malori yananguruma nje, na mzee yule amekaa pale macho yanameta kama mtoto wa chekechea. Jaribio likaisha. Akaruka akapiga makofi. Akaenda kuandika alama nyuma ya mlango, na ilikuwa kubwa kuliko zote.

Pale pale Mwenye Studio akaingia, ana haraka, gari linamsubiri. Fundi akazima mashine, akaikabidhi. Hakurudisha mwendo. Hakufunga kufuli. Nilifungua mdomo, nikaona mteja amesimama, nikaufunga. Niliona aibu kumsahihisha mwalimu mbele ya mtu. Hilo ni kosa langu, la kwangu peke yangu, na nalikubali. Mteja alipotoka nilimwambia. Akasema, "Nitampigia simu." Hakupiga.

Siku ya tatu kadi ilitoa moshi akiwa katikati ya kukata video ya harusi ya watu. Mwenye Studio alikuja na kadi mkononi, anapiga kelele kutoka barabarani. Dukani palikuwa na wateja wanne, na mama muuza chipsi mlangoni.

"Fundi! Nimeileta ipulizwe vumbi! Vumbi! Nani kaifungua hii?"

Fundi aliichukua. Aliinusa, kama kawaida yake. Aliangalia wateja. Halafu akaniangalia mimi, na akaangalia tumbo langu, na nikadhani ananionea huruma kwa zile kelele.

"Ni binti," akasema. "Aliigusa nikiwa sipo. Nisamehe, mwanangu, nitakutafutia nyingine."

Mtu akikupiga kofi la ghafla husemi, unatafuta kwanza shavu lako liko wapi.

Jioni wateja walipoondoka aliniletea chipsi mayai na soda. Hakuniangalia. Aliviweka juu ya meza, akakaa, akasema taratibu, "Binti, wewe bado mdogo. Jina lako litaota tena. Langu likikatwa haliwezi kuota."

Huyu ni mkulima wa kahawa. Baba yake kahawa, babu yake kahawa. Hakuna mtu Mbozi asiyejua kwamba mkahawa ukizeeka unakatwa karibu na ardhi, na unachipua, na unazaa kuliko kwanza. Alijua. Na bado alisema.

Sikula zile chipsi. Nilichukua kanga yangu nikaondoka.

Jina langu halikuota. Nilijifungua, nikamwita mwanangu Upendo kwa sababu nilikuwa na hasira na nilitaka neno la kunituliza. Nikaweka meza ndogo sokoni ya kutengeneza chaja na simu. Watu walikuja, wakaniangalia, wakauliza, "Si wewe yule uliyeunguza kadi ya studio?" Wengine waliuliza kwa huruma, na hao ndio wabaya zaidi. Vijana waliojifunza juzi kwenye simu zao wanapewa kompyuta za ofisi. Mimi napewa chaja. Nilikuwa nahitaji kitu kimoja tu duniani, sentensi moja itoke kwenye mdomo wa mtu mmoja.

Nikasikia ameanguka, ameshikwa na kiharusi, duka limefungwa, yupo Hasamba na anasahausahau. Nilikaa na habari hiyo wiki mbili. Halafu nikamfunga Upendo mgongoni nikapanda gari. Sikwenda kumjulia hali. Nilikwenda kuchukua sentensi yangu kabla hajaondoka nayo.

Mkewe alinipokea vizuri, lazima niseme. Aliniamkia, "Mwagona, Mama Upendo," akanipokea mtoto. Ndani Fundi alikuwa amekaa kwenye kochi, blanketi magotini, mkono wa kulia umelala kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Alikuwepo mzee mmoja wa kanisa, amekuja kuomba naye.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Sauti ilikuwa nzito kidogo, lakini maneno yanasikika.

"Ni yule binti wa dukani," mkewe akamwambia kwa sauti ya juu, kama anaongea na kiziwi. "Yule wa Mpemba!"

Fundi alifikiri. Uso ukafunguka. Akasema kwa upole kabisa, na ule upole ndio sitausahau, "Aah. Aliyeunguza kadi ya yule kijana. Nilishamsamehe."

"Amina," akasema mzee wa kanisa.

"Amina," akasema mkewe.

Nikaona. Hakuwa anadanganya. Ule uongo alikuwa ameusema mara nyingi mpaka ukamwingia, na ugonjwa ulipopita kufagia ukaacha huo tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu anayekataa. Kwa mtu anayeamini sikuwa nimejiandaa.

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, nikasema kama mteja, "Fundi, nina kadi imeungua. Naomba uisikilize."

Macho yakabadilika. Mkono wa kushoto ukaja ukatafuta kitu kwenye blanketi.

"Ilifungwa wapi?"

"Kwenye mashine ya video za harusi."

"Miguu mingapi?"

"Kumi na mbili."

"Mingi. Kufuli?"

"Lilikuwa limefunguliwa."

"Joto?"

"Siku inaungua sikuwepo. Siku ya kuijaribu lilifika tisini na moja."

Akasonya. "Huku juu? Tisini na moja? Nani huyo?" Akafumba macho. Mkewe alikuwa anamwangalia mzee wa kanisa. "Mwendo uliongezwa kwa hatua ngapi?"

"Mbili ndogo. Halafu mia mbili kwa mpigo."

"Mia mbili kwa mpigo." Akaanza kucheka, kile kicheko cha puani, upande mmoja wa uso tu. "Wanasema ni binti. Si binti. Yule binti alikuwa anaongeza kumi na tano, anakwenda kumenya chungwa, anarudi, anaongeza kumi na tano. Nilikuwa namcheka. Nilimwambia utazaa kabla hujamaliza jaribio. Mia mbili kwa mpigo hawezi, moyo wake haumruhusu." Kicheko kikaondoka taratibu. "Huyo ni mtu mwenye kiburi. Huyo ni mimi."

Hakuna aliyesema amina.

Mkewe akainuka. "Mama Upendo, usimchoshe. Siku hizi maneno yake hayana maana, anachanganya." Mzee wa kanisa akatikisa kichwa kukubali. Alipokuwa ananisamehe mimi, maneno yake yalikuwa na maana, yalikuwa na amina mbili juu yake. Nilimwambia mkewe hivyo hivyo, nilivyoyaandika hapa. Akasema anakwenda kuleta chai.

Nikabaki na Fundi, mzee wa kanisa akiwa pembeni. Alikuwa bado ameikamata ile kadi kichwani. Akauliza nani aliwahi kuipuliza vumbi, lilikuwa vumbi gani. Nikamjibu, jekundu laini, na jeusi kidogo pembeni. Akauliza feni zilikuwa zinaimba au zinakoroma. Nikamjibu. Kila jibu alilikubali kwa kichwa. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa namjibu, na sikutaka aache kuuliza.

Mwishoni akaniangalia kwa makini, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Wewe ni fundi."

"Ndiyo."

"Nani alikufundisha?"

Nikamtajia jina lake. Si Fundi. Jina lake kamili, la ubatizo na la ukoo, lile ambalo baadaye nililisikia likisomwa juu ya jeneza.

Alilitafuta. Nilimwona analitafuta, anakwenda mbali, anarudi.

"Simjui," akasema. "Lakini alikufundisha vizuri."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Hakuingia.